Bosi anataka mti wa LDAP ufanane na chati ya taasisi, mimi napinga. Wenye uzoefu njooni

#1 FundiSeva

Wakuu, salaam.

Nasimamia seva katika taasisi binafsi yenye watumishi 640 na ofisi 6: Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Mbeya, Kigoma na Tanga. Mpaka leo kila mfumo una orodha yake ya watumiaji. Barua pepe kivyake, WiFi kivyake, mfumo wa likizo kivyake. Mtu mmoja ana nywila nne, na zote kaziandika kwenye karatasi chini ya kibodi. Tumeamua kuweka OpenLDAP, programu ya direktori (orodha ya watumiaji yenye umbo la mti, ambayo mifumo yote inaisoma kwa itifaki ya LDAP), iwe chanzo kimoja.

Tumekwama kwenye mchoro wa mti. Bosi amechora ubaoni: juu mkoa, chini yake kurugenzi, kisha idara, kisha kitengo, na mtu anakaa mwisho kabisa. Kwa mchoro huo mhasibu wa Mwanza anwani yake kamili, yaani DN, inakuwa hivi (`uid` ni jina la kuingilia, `ou` ni tawi, `dc` ni vipande vya jina la domeni):

`uid=hjuma,ou=malipo,ou=uhasibu,ou=fedha,ou=mwanza,dc=mfano,dc=or,dc=tz`

Mimi nataka mti mfupi:

`uid=hjuma,ou=watu,dc=mfano,dc=or,dc=tz`

Mkoa na idara viandikwe ndani ya rekodi kama sifa zake. Hoja yangu ni kwamba watu wanahama kila mwezi, mti haufai kuhama nao. Hoja ya bosi nayo si ndogo: tusipogawa matawi, afisa TEHAMA wa Mwanza atabadilishaje nywila za watu wake bila kuweza kugusa za Mbeya?

Jumatatu tunaamua. Nani yuko sahihi?

#2 MamaRoot

Wewe. Nimeishi ndani ya mti wa bosi wako miaka mitatu.

Nilipoajiriwa mahali fulani nilikuta ngazi tano. Kila uongozi ulipobadilisha jina la kurugenzi, sisi tulikesha. Lakini usiku wa kukesha si kitu. Kulikuwa na mfumo wa nyaraka uliokuwa unahifadhi DN nzima kama kitambulisho cha mtu. Dada mmoja wa manunuzi akahamishiwa ugavi, tukahamisha rekodi yake kwenye tawi jipya, na asubuhi alipoingia mfumo ukampokea kama mgeni. Nyaraka zake zote zikabaki kwa mtu ambaye hayupo tena. Alikuja ofisini kwetu analia, akidhani amefutwa kazi na hakuna aliyemwambia.

Tangu siku hiyo sitaki kuona idara ndani ya DN.

#3 Kifaru_88

Isitoshe LDAP hairuhusu kuhamisha rekodi. Ukitaka kumtoa mtu tawi moja kwenda lingine lazima umfute uunde upya, na nywila inapotea. Kwa hiyo mti mrefu ni hatari tupu.

#4 MzeeWaX500

Kifaru, hilo lilikuwa kweli zamani. Toleo la 2 la itifaki (hati ya viwango vya intaneti RFC 1777, mwaka 1995) liliweza kubadilisha kipande cha kwanza tu cha DN, basi. Toleo la 3 lilipotoka Desemba 1997 liliongeza uwezo wa kutaja mzazi mpya, na rekodi ikahama na kila kilichomo, nywila ikiwemo.

Labda unachokumbuka ni OpenLDAP ya enzi ya hifadhi ya `bdb`. Ile ilikubali kuhamisha rekodi moja moja, ila tawi zima lenye watoto iligoma. `hdb` ikaliweza hilo, na `mdb` tunayotumia leo inaliweza pia. `bdb` na `hdb` ziliondolewa kabisa kwenye toleo 2.5, mwaka 2021.

Kwa hiyo kisa cha MamaRoot hakikutokana na LDAP kushindwa kuhamisha. LDAP ilihamisha vizuri. Aliyeshindwa ni mfumo wa nyaraka ulioshika anwani ya mtu ukidhani ni jina lake.

#5 Kifaru_88

Nimekubali mzee. Mimi nilikutana na `bdb` na sikurudi tena kuangalia.

#6 Mkamba_wa_Seva

Salamu kutoka Nairobi. Sisi hatukugawa kwa idara, tuligawa kwa mikoa ya zamani, kwa sababu mikoa haibadiliki. Ndivyo tulivyoamini. Mikoa ilikuwa minane. Halafu ikaja katiba ya 2010, na baada ya uchaguzi wa 2013 tukawa na kaunti 47. `ou=pwani` yetu ilitakiwa iwe Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, na ndani yake kulikuwa na watu ambao hakuna rekodi iliyosema wako kaunti gani, maana tawi lilikuwa limeshasema "pwani" na tukaridhika.

Hilo la mwisho ndilo lililotuumiza zaidi. Mahali pa mtu palikuwa kwenye njia tu, ndani ya rekodi hapakuwa na kitu. Ilibidi tupige simu ofisi kwa ofisi.

#7 Nyanda_za_Juu

Hata huku. 2012 tulipata Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na 2016 Songwe ikatoka Mbeya. Nilikuwa na `ou=mbeya` yenye watu wa Tunduma na Vwawa. Mtu anaamka yuko mkoa mwingine na hajasogeza hata kitanda.

#8 Msimamizi_Dodoma

Naomba nimtetee bosi wa mleta uzi, maana naona anapigwa na watu wote.

Mimi natumia Active Directory (AD), direktori ya Microsoft. Kwenye AD matawi si mapambo. Sera za kompyuta unaziunganisha kwenye saiti, kwenye domeni, au kwenye OU. Huwezi kuziunganisha kwenye lile chombo la `CN=Users` unalopewa siku ya kwanza, kwa sababu si OU. Ukiwaacha watu wote humo, unabaki kuchuja kwa makundi kila sera, na baada ya mwaka hakuna anayejua sera ipi inamfikia nani.

Kukabidhi madaraka nako, unabofya OU ya Mwanza, unamwambia fulani aweze kubadilisha nywila hapa, imekwisha. Na rekodi ikihama ndani ya domeni, uanachama wake kwenye makundi unajirekebisha wenyewe. Sasa kwa nini nihofie matawi?

#9 MamaRoot

@Msimamizi_Dodoma kwa AD sina ugomvi na wewe. Lakini hapo umegawa kwa sababu ya sera na madaraka, hukugawa kwa sababu ya chati. Una ngazi ngapi?

#10 Msimamizi_Dodoma

Mbili. Ofisi, halafu ndani yake watu na kompyuta.

#11 MamaRoot

Basi hata wewe hukuchora chati ya taasisi, na bosi wa FundiSeva ana ngazi nne. Wewe uko upande wetu, hujajisajili tu.

#12 FundiSeva

Asanteni. Sisi ni OpenLDAP, kompyuta hazimo, ni watu na mifumo tu. Bado swali la bosi halijajibiwa: bila tawi la Mwanza, namzuiaje afisa wa Mwanza asiguse Mbeya?

#13 bin_Slapd

Kwa chujio. Kanuni za ruhusa za OpenLDAP zinakubali kuchagua rekodi kwa sifa, si kwa njia peke yake (`l` ni sifa ya mji alipo mtu):

```
to dn.onelevel="ou=watu,dc=mfano,dc=or,dc=tz"
   filter=(l=Mwanza) attrs=userPassword
   by group.exact="cn=wasaidizi-mwanza,ou=makundi,dc=mfano,dc=or,dc=tz" write
   by self write
   by anonymous auth
   by * none
```

Ofisi 6, kanuni 6. Mtu akihamia Mbeya unabadilisha `l` tu, na siku hiyohiyo anatoka mikononi mwa Mwanza. DN haijaguswa. Angalia mpangilio, maana seva inasoma kutoka juu na kusimama kwenye kanuni ya kwanza inayolingana. Ukiweka kanuni ya jumla ya nywila juu ya hizi, hizi hazisomwi kabisa.

#14 Askari_wa_Data

bin_Slapd, kanuni yako ni nzuri lakini umeacha dirisha wazi. Nani anaruhusiwa kuandika `l`?

Afisa wa Mwanza akiwa na ruhusa ya kuhariri rekodi, na `l` ni sehemu ya rekodi, basi anachohitaji ni kumwandikia mtu wa Mbeya `l: Mwanza`, anabadilisha nywila yake, anairudisha `l`. Na ukimruhusu mtumishi ahariri mwenyewe taarifa zake za mawasiliano, wengi huorodhesha simu, ofisi na mji pamoja. Hapo umempa kila mtu uwezo wa kuchagua msimamizi wake.

Ukitegemeza ruhusa kwenye sifa, sifa hiyo ifungwe kama unavyofunga nywila yenyewe. Kwenye tawi tatizo hili halipo, kwa sababu kuhamisha rekodi kunahitaji ruhusa ya kuandika kwa mzazi wa zamani na mzazi mpya. Ndiyo maana mimi kwa madaraka bado napendelea tawi. Tawi moja kwa kila ofisi, hakuna zaidi ya hapo.

#15 bin_Slapd

Kweli kabisa. Kwetu `l` inaandikwa na mfumo wa utumishi tu, nilisahau kulisema. FundiSeva, usinakili kanuni yangu bila hilo.

#16 Mwambao_Net

Mbona hakuna anayegusa mtandao? Kigoma laini ikikatika hakuna anayeingia kwenye kompyuta. Ndiyo sababu sisi tuligawa kwa ofisi: kila ofisi ina seva nakala yenye tawi lake tu, inavuta watu wake, basi. Mti mfupi unakulazimisha kubeba watu wote kwenda kila kona ya nchi.

#17 MzeeWaX500

@Mwambao_Net mawili hapo. Kwanza, unakili wa OpenLDAP unakubali chujio vilevile. Kwenye `syncrepl` unaweka `filter="(l=Kigoma)"` na seva ya Kigoma inachukua wa Kigoma bila kuhitaji tawi.

Pili, watu 640 ni wachache. Rekodi ya mtumishi bila picha ni maandishi ya kilobaiti chache. Wote kwa pamoja hawazidi sana ukubwa wa picha moja ya simu, na baada ya kunakili mara ya kwanza yanayosafiri ni mabadiliko tu. Wapeleke wote Kigoma, ili mkurugenzi akitembelea huko laini imekatika naye aweze kuingia.

#18 Mwambao_Net

Sisi tuliweka `jpegPhoto` kwa kila mtu, na picha zilitoka kwenye kamera moja kwa moja. Ndiyo zilituua, sasa nimeelewa. Lakini hata hivyo, mzee, si kila taasisi inataka orodha ya watu wake wote ikae kwenye seva iliyo chumba cha stoo Kigoma. Seva ikiibwa, zimeondoka nywila za watu 40 au za watu 640? Hilo nalo ni la kupima.

#19 Dada_wa_Utumishi

Jamani mimi si wa TEHAMA, niko utumishi, ila uzi huu nausoma kwa sababu vita hivi navijua kutoka upande wa pili. Mnagombana mtu akae tawi gani na hamjauliza mtu anaitwaje.

Kwetu kuna Hamisi Juma watatu. Mmoja dereva, mmoja mhasibu, mmoja mlinzi. Waliopanga mfumo walitumia jina kamili mwanzoni mwa hiyo DN yenu, kwa hiyo wa pili akawa "Hamisi Juma 2" na wa tatu "Hamisi J Juma". Mshahara wa dereva ulishawahi kuonekana kwenye akaunti ya mlinzi. Na wanawake wanaoolewa wakabadilisha jina la mwisho, kila ndoa ni barua ya maombi kwa TEHAMA. Nina dada aliyeachika na bado barua pepe yake ina jina la yule mwanaume, kwa sababu aliambiwa kubadilisha "kutaharibu mfumo". Kila akituma barua analiona.

Kila mtumishi ana namba ya ajira. Haibadiliki akiolewa, akihama wala akipandishwa cheo. Kwa nini hamtumii hiyo?

#20 MamaRoot

Dada, hiki ndicho kilichotakiwa kuwa #2.

#21 Askari_wa_Data

Naunga mkono, na nyongeza. Namba ya ajira ina mahali pake tayari: `employeeNumber` kwenye `inetOrgPerson`, aina ya rekodi ya mtu (RFC 2798, mwaka 2000), na inaruhusu thamani moja tu kwa mtu. Swali ni kama iwe ndiyo kipande cha kwanza cha DN au ibaki ndani.

Mimi naiweka mbele: `employeeNumber=00417,ou=watu,...` na `uid` inabaki sifa ya kuingilia, inayoweza kubadilishwa bila DN kuyumba.

#22 bin_Slapd

Hapo tunaachana. Nimekutana na programu zinazojenga DN zenyewe kwa kubandika `uid=` mbele ya jina ulilochapa, bila kutafuta kwanza. Ukiweka namba mbele, hizo haziingii mpaka uzibadilishe au utupe. Mimi nabaki na `uid`, ila `uid` yenyewe isitokane na jina. Iwe `m00417`.

Na kwa mifumo inayotaka kitambulisho cha kudumu, seva tayari inatoa `entryUUID` (RFC 4530). Haibadiliki hata rekodi ikihamishwa mti mzima. Mfumo wa nyaraka wa MamaRoot ungeshika hiyo, yule dada asingelia.

#23 Dada_wa_Utumishi

Watu hawatakumbuka m00417. Wakiandika kwenye karatasi chini ya kibodi tumerudi pale alipoanzia mleta uzi.

#24 bin_Slapd

Wataingia kwa barua pepe. Chujio la programu linakuwa `(|(uid=%s)(mail=%s))`, namba inabaki ya mashine. Hakikisheni tu `mail` ina faharasa, la sivyo kumbukumbu za seva zitajaa mstari wa "not indexed" na watu wakizidi utauona uzito.

#25 Nyanda_za_Juu

Na walioacha kazi mnawaweka wapi? Sisi tuna `ou=walioondoka` pembeni ya `ou=watu`. Programu zote zimeelekezwa kutafuta `ou=watu`. Mtu akiondoka tunamhamisha, na dakika hiyohiyo hakuna mfumo unaomwona. Hatumfuti, ili jina lake la kuingilia asipewe mtu mwingine akarithi barua zake.

#26 Askari_wa_Data

Hilo linafanya kazi, ila angalia makundi. OpenLDAP haisafishi majina ya zamani kwenye makundi mpaka uwashe `refint`. Bila hiyo, DN ya aliyeondoka inabaki kwenye `cn=wahasibu`, na siku ukimpa mtu mpya DN ileile, anaamka mhasibu.

Na hata akihama tawi, anayeingia kwa njia ya DN moja kwa moja bado anapita. Funga nywila pia.

#27 Kifaru_88

Nimerudi na swali la kweli sasa. Kuna ulazima wa hizo `dc=` mwishoni? Tuliwahi kubadilisha jina la taasisi, domeni ikabadilika, na bosi akataka mti ubadilike pia.

#28 MzeeWaX500

Ulazima haupo. X.500, kiwango cha direktori ambacho LDAP ilitokana nacho, ya 1988 ilianza na nchi: `o=Taasisi,c=TZ`. LDAP ilipozaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilirithi hivyohivyo. `dc=` ilisanifiwa Januari 1998 kwenye RFC 2247, kwa sababu jina la domeni tayari ni lako peke yako duniani, huhitaji mtu wa kukusajilia.

Hasara yake ni hiyo uliyoiona: mzizi unabeba jina ambalo uongozi unaweza kuliuza au kulibadilisha. Ushauri wangu ni kuacha mzizi wa zamani ulivyo. Mtumiaji wa kawaida hauoni.

#29 Kifaru_88

Sisi hatukuuacha. Nilitoa kila kitu kwa `slapcat`, nikabadilisha jina la zamani kwa `sed`, nikarudisha kwa `slapadd`. Ikagoma kwenye baadhi ya rekodi tu na sikuelewa kwa nini hizo.

#30 bin_Slapd

Fungua faili uangalie rekodi zilizogoma. Naamini ni zile zenye DN ndefu. LDIF, yaani muundo wa faili la maandishi linalotolewa na `slapcat`, inakata mstari mrefu na kuendelea mstari wa chini unaoanza na nafasi moja. `dc=zama` iko juu, `ni,dc=or,dc=tz` iko chini. `sed` inasoma mstari mmoja mmoja, hailioni neno. Tumia `slapcat -o ldif-wrap=no`. Na zile zenye `dn::`, nukta pacha mbili, zimefumbwa kwa base64, `sed` haizisomi kabisa.

Mti mrefu, DN ndefu, mistari mingi inayokatika. FundiSeva, mpelekee bosi na hilo.

#31 Kifaru_88

Miaka sita nilikuwa najiuliza. Shukrani kubwa.

#32 Msimamizi_Dodoma

Nami nimekosa usingizi kwa jina: tulijenga AD juu ya `.local` kwa sababu kila mtu alifanya hivyo. Kompyuta za Mac zikawa zinasuasua kuitafuta seva. `.local` imetengwa kwa utafutaji wa vifaa ndani ya mtandao (RFC 6762, 2013). Mnaoanza upya, tumieni tawi la domeni yenu halisi.

#33 FundiSeva

Wakuu, nimekaa na bosi leo. Hajakubali yote na mimi sijakubali yote. Hoja ya Askari_wa_Data kuhusu `l` ameipenda sana, anasema ndiyo inamthibitisha. Mimi namwonyesha #6 na #7. Kwa sasa tunajaribu hivi kwenye seva ya majaribio:

```
ou=watu
ou=walioondoka
ou=makundi
ou=mifumo
```

Watu kwa `uid=m00417`, `l` na `departmentNumber` zinaandikwa na utumishi pekee, `refint` imewashwa. Bosi atajaribu ya kwake sambamba, ngazi moja ya ofisi chini ya `ou=watu`, tuone ipi inamtesa afisa wa Mwanza kidogo zaidi.

Nimekwama mahali padogo. Makundi ya wasaidizi matano yameingia, la Kigoma linakataliwa: "object class violation". Nimeliandika sawasawa na mengine, nimehakiki herufi kwa herufi.

#34 MamaRoot

Kigoma mmeshaajiri afisa TEHAMA?

#35 FundiSeva

Bado, anaanza mwezi ujao. Kundi nimeliacha tupu.

#36 MamaRoot

Ndiyo sababu. `groupOfNames`, aina ya rekodi ya kundi, inalazimisha kuwe na `member` angalau mmoja, tupu halikubaliki. Weka humo akaunti yako ya usimamizi kwanza, afisa akifika umwongeze, ndipo ujitoe. Na kumbuka kumwongeza kabla ya kujitoa, la sivyo litakukatalia tena.

#37 FundiSeva

Limeingia. Asante dada.

#38 Mwambao_Net

Mleta uzi, na `ou=mifumo` umeweka nini humo? Kama ni akaunti moja inayotumiwa na programu zote kusoma direktori, hapo nina kisa kirefu.